Vitone Vyekundu Ndani ya Mlango wa Kabati

Kalenda ilitoka kwenye bucha ya halali iliyo karibu na nyumba yetu hapa Adelphi. Kila Desemba mwenye bucha huwapa wateja wake kalenda moja, picha ya msikiti juu, saa za kufungua na kufunga chini. Mwaka ule niliitundika ndani ya mlango wa kabati la nguo, mahali ambapo mgeni hawezi kuiona, nikafunga kalamu nyekundu kwa uzi pembeni yake. Nikamwambia mdogo wangu, "Siku zikianza, tia kitone. Zikiisha, tia kingine. Basi. Sitakuuliza maswali."

Nilimuuliza maswali kila asubuhi.

Yeye alikuwa na miaka kumi na saba, mimi ishirini na tisa, na tulikuwa tumeishi wawili tu kwa miaka kumi. Baba alipata viza ya bahati nasibu ya Marekani akatuleta kutoka Tanga nikiwa na miaka kumi na mitano. Miaka miwili baadaye moyo wake ulisimama akiwa kazini. Mama hakuwa na afya ya kufanya kazi, kwa hiyo niliacha shule darasa la kumi na moja nikaenda kutandika vitanda hotelini. Nilisema ni kwa muda. Kisha mama akaambiwa ana uvimbe kwenye kizazi na lazima apasuliwe. Aliingia hospitali kwa miguu yake, pochi begani, akaniambia nisisahau kumsuka mdogo wangu kwa ajili ya shule Jumatatu. Jumapili tulimzika. Jumatatu nilimsuka.

Nayasema haya ili ieleweke kwa nini neno kizazi likitajwa mbele ya daktari mimi husikia kengele kichwani. Sitaki yawe udhuru. Niliyatumia kama udhuru muda mrefu vya kutosha.

Siku za mdogo wangu zilianza kupotea alipofikisha miaka kumi na sita. Mwezi ulipita bila kitu, ukapita wa pili, halafu zikaja nzito na zisizotaka kwenda. Nilimpeleka kliniki mara moja. Daktari, mwanamke mwenye haraka, aliandika vidonge kwenye karatasi na chini yake akaandika vipimo vya damu, akasema turudi baada ya wiki mbili. Nikalisoma jina la vidonge. Nilivijua. Wenzangu walioolewa wanavimeza kupanga uzazi.

"Hivi ni vya kurekebisha siku tu," mdogo wangu alisema kwa Kiingereza tukiwa kwenye gari. "Daktari ameeleza. Hukusikiliza?"

"Nilisikiliza."

"Kwa hiyo tunapita duka la dawa?"

"Tutaona."

Hatukupita. Niliwaza msichana wa miaka kumi na sita, hana mama, na vidonge vile ndani ya mkoba wake. Niliwaza wanawake wa msikitini. Niliikunja karatasi nikaiweka chini ya sahani za wageni, na kwa kuwa vipimo vilikuwa vimeandikwa kwenye karatasi hiyohiyo, vipimo navyo vikalala pale.

Miezi michache baadaye nilipangiwa kumhudumia bibi mmoja wa Kihindi huko Gaithersburg. Hotelini nilikuwa nimeshaondoka zamani; hiyo ndiyo kazi yangu mpaka leo, kulea wazee majumbani mwao kupitia kampuni: kuogesha, kupika, kupima presha, kuandika. Bibi huyu aliishi na mwanawe, lakini mwanawe alikuwa mtu wa kutoka alfajiri na kurudi jioni. Kila mtu alimwita Ba, ndivyo wanavyomwita mama mkuu wa nyumba kwao, nami nikamwita hivyo. Alizaliwa na kukulia Moshi, akaondoka akiwa mtu mzima, na Kiswahili chake hakikuwa kimepata kutu hata kidogo. Siku ya kwanza aliionja chai yangu akaniangalia kwa huruma.

"Binti, nani amekufa?"

"Hakuna aliyekufa, Ba."

"Basi kwa nini chai ya matanga? Weka tangawizi. Weka mkono wako, usiogope, haing'ati."

Jikoni mwake kulikuwa na mitungi ya kioo iliyopangwa kama maktaba: uwatu, ufuta mweusi, manjano, mdalasini, iliki, shamari, na mingine ambayo mpaka leo siijui. Alijua dawa za nyumbani za kwao, za Ayurveda, ambazo alifundishwa na mama mkwe wake. Mwanawe alipokohoa, alichemshiwa. Mimi nilipoumwa kiuno, nilipakwa mafuta ya ufuta ya moto na kutukanwa kwa kubeba ndoo vibaya. Nilimpenda. Tangu mama afe hakuna mtu aliyewahi kunitukana kwa upole namna ile.

Siku moja nikiwa nachambua mchele nilimweleza habari za mdogo wangu. Aliweka miwani yake chini.

"Anahisi baridi?"

"Ba, hii ni Maryland. Nani hahisi baridi?"

"Nakuuliza yeye. Julai anahisi baridi?"

Nilicheka. Kweli, mdogo wangu alivaa sweta ndani ya nyumba Julai, lakini nilidhani ni fasheni, au kiyoyozi.

"Analala sana?"

"Huyo? Akiachiwa atalala mpaka kiyama. Mvivu tu."

"Nywele zinatoka? Ngozi kavu? Choo chake?"

"Ba, mimi simwogeshi, ana miaka kumi na saba."

"Mlete nimwone ulimi, nimwone kucha. Mama mkwe wangu alikuwa hatoi hata punje ya ufuta mpaka amwone mtu. Kwanza mtu, dawa mwisho. Kuna miili ya moto na miili ya baridi. Kuna damu iliyochelewa njiani, na kuna damu ambayo mwili hauna nguvu ya kuitengeneza. Ukitazama kutoka nje, zote zimechelewa."

Nilimwambia nitamleta. Lakini kampuni yetu hairuhusu kupeleka ndugu nyumbani kwa mteja, hilo ni kweli. Gaithersburg ni mbali na mdogo wangu alikuwa na masomo, hilo pia ni kweli. Na la tatu ambalo sikumwambia mtu: sikutaka mtu mwingine amponye. Nilikuwa nimeacha shule. Nilikuwa nimefua mashuka ya watu. Nilitaka niwe mimi niliyejua.

Kwa hiyo nikambembeleza Ba wiki nzima anipe dawa hata kabla ya kumwona. Mwisho alichoka. "Haya," alisema, "hii ni ya msichana mzima ambaye siku zake zimeteleza kidogo. Wako sijamwona. Unampa kwa siku saba kabla ya siku zake, ukiona damu unaacha, maana ufuta ni moto. Miezi mitatu. Miezi mitatu ikipita bila nafuu, au damu ikiwa nyingi, unamaliza habari ya jikoni, unampeleka akatolewe damu. Umesikia?"

"Nimesikia, Ba."

Nilikuwa nimesikia ufuta, sukari guru, tangawizi na uwatu. Mengine yaliniingia kama maneno ya mtu anayeaga mlangoni.

Jumamosi ile nilikaanga ufuta kwenye sufuria kavu mpaka ukaanza kurukaruka, nikautwanga na sukari guru, nikafinyanga vidonge vya ukubwa wa kunde. Uwatu niliuloweka usiku kucha, asubuhi nikachemsha na tangawizi. Nyumba nzima ikanuka uchungu wake. Mdogo wangu alikunywa akiwa amebana pua.

"Imeingia?"

"Imeingia, Dada."

"Zimekuja?"

"Bado."

Kila asubuhi maneno hayohayo, kabla ya salamu. Zimekuja? Bado. Nilikuwa nasema kwa sauti ya kawaida, lakini yeye alikuwa anausoma uso wangu, na uso wangu sikuuona mimi.

Jirani yetu wa ghorofa ya chini, muuguzi kutoka Kenya, alisikia harufu akapanda kuuliza. Alisimama mlangoni na sare yake ya kazi, akamtazama mdogo wangu aliyekuwa amelala kwenye kochi saa tano ya asubuhi, blanketi mpaka shingoni.

"Na wewe mama, unampea msichana ufuta kama kuku?"

"Ni dawa. Inafanya kazi."

"Mimi sisemi haifanyi. Shosho yangu pia alikuwa na zake. Lakini huyu mtoto anakaa mgonjwa. Ushampeleka hosi?"

"Anakaa mvivu," nilisema, na mdogo wangu akafungua macho, akayafunga tena.

"Haya basi, daktari," jirani alisema, akashuka zake ngazi.

Baada ya wiki ya tatu, asubuhi moja nilifungua kabati kutafuta mtandio nikakuta kitone chekundu. Nilipiga kigelegele peke yangu chumbani. Nilimkuta jikoni nikamshika mabega nikamzungusha kama tulivyokuwa tukifanya alipokuwa mdogo. Alicheka. Nilipika pilau siku ya kazi. Nilimpigia Ba, akasema vizuri, lakini mlete.

Kitone cha pili kilikuja siku tano baadaye. Mwezi uliofuata, siku ya ishirini na tisa, kingine. Kisha ishirini na nane. Niliacha kuuliza asubuhi kwa sababu hakukuwa tena na haja. Nilifungua mlango wa kabati, nikatazama, nikafunga. Siku ya kwanza ya kazi hii msimamizi alitufundisha kuamini karatasi: dawa imetolewa ikiwa imetiwa alama, mgonjwa amegeuzwa ikiwa imeandikwa saa. Nimefanya kazi hivyo miaka mingi, na hakuna mtu wa ofisini aliyewahi kuja kumtazama mgonjwa alama zikiwa sawa. Alama zangu zilikuwa sawa. Miezi mitatu ikapita, ikawa sita, ikawa mwaka na zaidi, kalenda mpya ya bucha ikachukua nafasi ya ile ya kwanza, nami niliendelea kukaanga ufuta. Damu haikuniambia niache, kwa sababu damu yenyewe sikuwa naiona.

Mwaka huo alianza chuo cha karibu. Hilo ndilo nililokuwa nimelitandikia vitanda. Muhula wa kwanza aliacha somo moja. Wa pili akaacha mawili. Alikuwa analala akirudi, analala kabla ya kwenda, anasahau mambo, anasoma ukurasa mmoja jioni nzima.

Nilimwambia maneno. Nitayaandika, maana niliyasema. Nilimwambia mimi nilitolewa shule na kifo, yeye anatolewa na kitanda. Nilimwambia mama angeona aibu. Alikuwa amekaa ukingoni mwa kochi na sweta lake, akasema kwa Kiingereza, taratibu, "Labda mimi sina akili, Dada." Nami sikusema hapana. Nilidhani nikinyamaza atapata hasira ya kusoma.

Alianguka kituo cha basi, mchana wa Aprili, akienda kwenye mtihani. Mtu asiyemjua aliita gari la wagonjwa. Nilipigiwa simu nikiwa namlisha Ba, na nilipofika hospitali alikuwa ameshawekewa mrija mkononi, midomo imekuwa na rangi ya majivu. Damu yake ilikuwa imepungua kiasi kwamba walikuwa wanamwongezea ya mtu mwingine.

Daktari alikuwa kijana, mpole. Akamuuliza mdogo wangu siku zake za mwisho zilikuwa lini. Nikajibu mimi. Nilikuwa na picha ya kalenda kwenye simu. Nilikuwa naipiga kila mwisho wa mwezi. Nikamsomea tarehe. Nilimweleza kuwa zilikuwa zimevurugika zamani, lakini sasa ni ishirini na nane, ishirini na tisa, zimenyooka kabisa, nimemtibu mwenyewe. Nilisema hivyo. Nilisema kwa fahari.

"Si kweli," mdogo wangu alisema.

Alikuwa anatazama dari.

"Nini si kweli?" nikauliza kwa Kiswahili.

"Vitone. Nilikuwa naviweka tu."

Daktari akatutazama wote wawili, akaniomba, kwa adabu nyingi, nisubiri nje.

Nilisimama kwenye korido ukutani. Wauguzi walipita na mikokoteni yao. Nilikuwa bado nimeshika simu na kalenda iko wazi, msikiti, vitone, vimepangwa vizuri kuliko vya mwanamke yeyote niliyewahi kumjua. Nilipaswa kujua kwa hilo peke yake.

Walipima damu na jibu likaja kesho yake: tezi ya shingoni ilikuwa imechoka. Ile tezi ndogo iliyo mbele ya koo, ikilegea, mwili mzima unapoa. Mtu anahisi baridi Julai. Analala na haamki amepumzika. Nywele zinatoka, ngozi inakauka, akili inakuwa nzito, siku zinapotea halafu zinakuja kama mafuriko. Daktari alieleza akihesabu kwa vidole, na kila kidole nilikuwa nimeshakisikia, jikoni Gaithersburg, kwa Kiswahili cha Moshi, nikichambua mchele na kucheka. Dawa yake ni kidonge kimoja kidogo asubuhi kabla ya kula. Wangeugundua ugonjwa mapema kwa kipimo kilichokuwa chini ya sahani zangu za wageni.

Aliniambia mengine tukiwa nyumbani, siku ya tatu, nikimsuka. Nadhani aliweza kusema kwa sababu nilikuwa nyuma yake.

"Siku ya kwanza nilitaka upumzike tu," alisema. Mara hii alisema Kiswahili, akitafuta maneno. "Ulikuwa unauliza, unauliza. Halafu ulipiga kigelegele. Ukapika pilau. Sasa mimi ningesema nini?"

"Na damu?"

"Ilikuwa haiji, miezi. Halafu ikija, wiki tatu, nne. Nilikuwa nabadilisha chuoni. Natupa huko."

"Na dawa? Ulikuwa unamwaga?"

Aligeuza shingo nywele zikanichomoka mkononi. Alikuwa ameudhika kweli. "Simwagi. Nilikunywa yote. Wewe ulikuwa unaamka saa kumi kunichemshia."

Niliendelea kusuka. Nilisuka mstari ule mara tatu. Nywele zilikuwa chache pale mbele, unaona ngozi, na mikono hii ilikuwa imezisuka kila wiki mbili kwa miaka ile yote.

Niliporudi kazini Ba aliniuliza kabla sijavua koti. Nikamweleza. Aliweka mikono juu ya mapaja.

"Nilikuuliza kama anahisi baridi," alisema.

"Uliniuliza, Ba."

"Na mimi nimekosa. Sikupaswa kukupa. Mama mkwe wangu asingekupa." Kisha akasema, "Leta chai," na nilipoleta aliinywa yote bila kuitukana. Hilo liliniuma kuliko lolote alilowahi kusema. Ba alifariki mwaka jana, majira ya baridi, na mwanawe alinipa mtungi wake wa ufuta. Uko kwenye rafu. Sisemi dawa zake zilikuwa mbaya. Nilichukua nusu yake, ile inayochemshwa, nikaiacha nusu inayouliza.

Mdogo wangu sasa ana miaka ishirini na minne. Anakaa Laurel, kwenye chumba chake, anafanya kazi mapokezi kwa daktari wa meno. Anameza kidonge chake na ana nguvu. Nimemwona akipanda ngazi mbili mbili. Chuoni hajarudi. Nilimwomba radhi, si mara moja, na kila mara anasema, "Yameisha, Dada." Nilipomwambia ana akili, kwamba ilikuwa tezi tu, aliniangalia kwa wema, kama unavyomwangalia mtu anayekuletea mwavuli mvua imeshakatika. Miaka miwili aliamini ni mvivu, na neno hilo alilipata nyumbani.

Jumapili huwa naendesha gari kwenda kwake, nimebeba chakula. Namuuliza, "Umelala vizuri? Hujambo mwilini?" Anajibu, "Niko sawa, Dada." Sauti ni ileile aliyokuwa akisemea, "Imeingia, Dada." Naitafuta tofauti na siioni. Hiyo ndiyo adhabu yangu na sidhani kama anajua ananipa: sina tena njia ya kujua lini mdogo wangu yuko sawa na lini ananihurumia.

Jumapili iliyopita nilimuuliza kama kawaida, nikiwa nafungua bakuli la mchuzi. Alikuwa amekaa kwenye kitanda chake, miguu ameikunja.

"Si sana," alisema. "Tangu Jumatano. Nimechokachoka tena. Nimeshapiga simu kliniki, wamenipa Alhamisi."

Maneno yalinijia mengi. Tangawizi ilinijia, na ufuta, na jinsi ya kumwambia asikae karibu na dirisha. Nilifunika bakuli.

"Niambie ilivyoanza," nilisema, nikaketi sakafuni, mgongo nimeuegemeza kitandani kwake, ambapo hakuweza kuuona uso wangu.